Mkasi wa Rasma

Rasma hamuuzii mtu maua kumi na mawili. Mwambie ni ya mchumba, mwambie unaweza kununua ndoo nzima, atakutazama toka juu mpaka chini na kukuuliza, "Nani amekufa?" Ukijibu kwamba hakuna aliyekufa, atachomoa ua moja alirudishe majini na kukukabidhi yaliyobaki. Kwetu Riga hata mtoto wa chekechea anajua kwamba maua ya witiri ni ya walio hai na ya shufwa ni ya makaburini, lakini wapo wanaosahau, na wapo wageni. Mwaka mmoja alikuja Mwingereza mwenye suti, anataka dazani ya mawaridi mekundu akampose msichana wa mtaani kwetu. Walibishana mpaka wateja wangu wote wakageuka kutazama. Mwishowe Mwingereza aliondoka na kumi na moja, uso umemvimba, akiamini ameibiwa. Msichana alikubali. Mpaka leo Rasma husema ndoa ile aliifungisha yeye.

Mimi ni Biruta, nauza kabichi ya kuchachusha na matango ya chumvi katika soko la Agenskalns. Meza yangu imepakana na ya Rasma, na miaka yote hii harufu ya mapipa yangu imekuwa ikigombana na harufu ya maua yake. Ni mwanamke mfupi, vidole vimechanwa na miiba, mdomo hauna breki. Mkasi wake aliurithi kwa shangazi yake aliyemfundisha kazi. Mpini mmoja umezungushiwa utepe mweusi wa mafundi umeme, na mahali pake ni kwenye msumari juu ya meza. Hamwazimi mtu. Siku moja niliuomba nikate kamba ya gunia, akaniambia Mungu alinipa meno.

Mumewe, Zigurds, alikuwa fundi wa tramu mpaka alipostaafu. Walijuana pale pale sokoni, siku kijana Zigurds alipokuja kununua maua ampelekee msichana mwingine kabisa, karani wa karakana yao. Alisimama mbele ya ndoo, anashika hili, anaacha lile, mpaka Rasma akachoka. "Kaka," alimwambia, "ukija kumaliza kuchagua, huyo dada atakuwa ameshazaa wawili." Zigurds akacheka, maua hakununua, na mwaka uliofuata walioana. Tangu hapo hakuwahi kumnunulia mkewe hata jani. Ukimuuliza atakujibu, "Nani anampelekea muuza maua maua? Ni sawa na kumzawadia Biruta kabichi." Sikukuu ya kuzaliwa ya Rasma ikifika, humnolea ule mkasi. Ni mtu wa kimya, na wahenga walishasema kimya kingi kina mshindo mkuu, ila mshindo wa Zigurds nilikuwa sijausikia.

Mwezi wa nane mwaka jana Rasma aligusa kitu kwenye titi lake. Alikinyamazia wiki kadhaa, akawa anafanya kazi mkono mmoja umeubana ubavu, mpaka nikamwuliza kulikoni, akaniambia huku amenipa mgongo, anapanga maua ya dalia. Mficha maradhi kifo humuumbua. Nilimshika mkono nikampeleka hospitali mimi mwenyewe, aproni ikiwa bado kiunoni. Walimchoma sindano wakachukua kinyama cha kupima, wakasema watapiga simu majibu yakitoka. Namba waliyoandika ni ya Zigurds, kwa sababu simu ya Rasma ilikuwa imezama tena kwenye ndoo.

Tatizo ni kwamba safari ilikuwa imeshalipiwa. Binti yao, Sanita, anayeishi Ireland, aliwapa wazazi wake zawadi ya miaka arobaini ya ndoa: meli ya matembezi kutoka Riga, Stockholm, Kopenhagen, Oslo, Gothenburg, na kurudi. Mimi nilijilipia mwenyewe, chumba kisicho na dirisha, mkabala na chao, ili asije mtu akasema nilibebwa. Rasma alitaka kuahirisha. Daktari akamwambia aende, maabara haiharakishi kazi kwa sababu mtu amekaa nyumbani analia. Basi tulingoja shule zifunguliwe, maana tarehe mosi Septemba kila mtoto humpelekea mwalimu maua na muuza maua asiyekuwepo siku hiyo afadhali abadili kazi, kisha tukafunga mizigo. Tulikaa kimya kidogo juu ya masanduku sebuleni kwao, kama inavyopasa kabla ya safari, na katika kimya kile kila mmoja wetu aliitazama simu iliyokuwa kwenye mfuko wa shati la Zigurds.

Sitasema uongo, meli ilikuwa nzuri. Chakula kilimwagika usiku na mchana, lakini Rasma alikuwa amebeba mkate wake wa shayiri nyeusi na samaki wa moshi, akavila chumbani kana kwamba tunasafiri kwa punda. Stockholm hakuiona. Alikuwepo, miguu yake ilipita barazani kwa mfalme na kanisani na kwenye vichochoro vile, ila simu ikilia tu alisimama. Mara ni Sanita anauliza kama tumekula. Mara ni mtu anayeuza madirisha. Zigurds alikuwa akiitazama namba, anatikisa kichwa, na Rasma anavuta pumzi na kuendelea kutembea.

Kopenhagen ilimuudhi Zigurds tangu asubuhi. Mwenzangu huyo hutembelea miji kwa sababu ya tramu, na kiongozi wa kundi letu la watalii alimwambia katikati ya mji hakuna.

"Mji mkuu mzima?" aliuliza.

"Walizing'oa zamani, bwana."

"Basi nitakaa hapa kwenye benchi. Nyie nendeni."

Tukaenda kwa basi, bila yeye, kumwona yule nguva wa shaba aliyekaa juu ya jiwe. Rasma alimtazama kidogo, akatazama basi, akatazama umati. "Huyo?" akasema. "Kwa basi lote hili?" Nilifurahi kumsikia, maana tangu tuondoke hakuwa amemtukana mtu.

Alasiri tulirudi bandarini. Rasma aliyaonea huruma magoti yake akapanda mapema; mimi nilibaki chini ya ngazi ya meli napigwa na jua. Ndipo nilipomwona Zigurds anakuja mbio mbio, kofia imekaa upande, na mkononi ana maua ya waridi, mekundu, yamefungwa karatasi. Nilibaki mdomo wazi. Ningemwona amebeba mamba ningeshangaa kidogo kuliko vile.

"Usinitazame hivyo," alisema.

"Ya nani hayo?"

"Ya Rasma." Alikuwa amewiva uso mpaka masikioni. Akachomoa moja akanipa. "Shika. Na wewe pia. Haya, twende."

Nilimfuata nikiwa na ua langu. Tangu mume wangu afariki hakuna mwanamume aliyenipa ua, na sijui nieleze vipi nilivyojisikia. Tulifika kwenye ujia wa vyumba vyetu, mimi nikatafuta ufunguo, Rasma akafungua mlango wao upande wa pili. Zigurds alimnyoshea yale maua. Rasma aliyapokea kwa mshangao, na kidole gumba chake kikapita juu ya mashina, kama kinavyopita juu ya kila fungu linalofika mikononi mwake. Kidole kilifika mwisho kikasimama. Rangi ikamtoka usoni.

"Rasma," alisema Zigurds, na sauti ilikuwa inatetemeka, "hospitali wamepiga—"

Akamfunika mdomo kwa kiganja. "Usiseme. Najua."

"Unajua?"

"Najua. Sitaki hata neno moja, si hapa, si baharini. Tukifika nyumbani tutazungumza."

Macho ya Zigurds yalikuwa yamejaa maji. Aliitikia kwa kichwa, akambusu juu ya nywele, wakaingia, mlango ukafungwa. Mimi niliingia kwangu nikalitia ua kwenye glasi ya mswaki, nikakaa kitandani nikalia. Sikuwa na shaka hata kidogo. Zigurds habari zikiwa njema hunoa mkasi. Miaka arobaini hajanunua ua, leo simu ya hospitali imelia na amenunua. Hapo ulihitaji kuambiwa nini tena?

Siku ya pili ilikuwa Oslo. Basi la kundi letu lilikwenda kutazama mlima wa kurukia kwa skii, Zigurds akiwa kiti cha mbele, na Rasma akaniambia, "Wewe huendi. Twende pahali." Alimwuliza mtu wa mapokezi kwa vidole na kwa msalaba aliouchora hewani, na muda mfupi baadaye tulikuwa makaburini.

Nielezeje? Palikuwa pa kupendeza, miti mikubwa, ndege. Lakini chini ni nyasi tupu, kaburi na kaburi, kama uwanja wa mpira. Kwetu kaburi ni mchanga mweupe unaopigwa reki, na mistari ya reki ndiyo sura ya familia. Ukipita Jumapili ukakuta kaburi halina mistari, unajua watoto wa marehemu ni watu wa namna gani. Rasma alizunguka, anatikisa kichwa.

"Maskini," alisema. "Wamelazwa kama ng'ombe malishoni."

"Ndiyo desturi yao."

"Yangu siyo. Sikiliza, Biruta. Mimi nataka mchanga. Zigurds akishika reki utadhani anachimba viazi, kwa hiyo utaipiga wewe, kila Jumamosi. Mistari iende upande mmoja. Usinichoree mawimbi kama uliyomchorea mama yako."

"Mawimbi ya mama yana ubaya gani?"

"Yanatia kichefuchefu. Na siku yenyewe mpike mbaazi za kijivu na nyama ya nguruwe, nyama iwe nyingi, nisiaibishwe. Na mtu akiniletea maua ya plastiki nitafufuka."

Nilitaka kucheka, nikashindwa. Nikamwuliza kama Zigurds amemweleza waliyosema hospitali.

"Ameniambia kwa maua," alijibu. "Inatosha. Mdomo wake usingeweza, mkono umeweza. Nawe usimguse, mwache. Anajikaza kwa ajili yangu."

Nilikubali, maana nami ndivyo nilivyokuwa nimeelewa. Kisha tuliketi kwenye benchi, akafungua mkoba wake, akatoa mkasi. Huo mkasi husafiri nao popote, kama wengine wanavyosafiri na Biblia. Aliushika kidogo kwenye ule utepe mweusi, akaniwekea mapajani.

"Sanita ataukatia karatasi," alisema. "Wewe angalau una adabu na vitu vya watu."

Kitu cha makali hakipokelewi bure, hukata urafiki. Nilipekua mifuko nikapata sarafu ya senti tano, nikampa, akaitia kwenye pochi. Biashara ikawa imekwisha. Tulikaa kwenye lile benchi, wanawake wawili wa sokoni katika mji wa watu, nikalia, naye akanipa leso na kuniambia nisilie kwa sauti, Wanorwe wanatutazama.

Jioni hakuja mezani, alisema kichwa kinamuuma. Nikabaki na Zigurds. Naapa, mtu yule alikula samaki wa siki sahani mbili. Alikuwa akipiga mluzi kati ya tonge na tonge. Nilikuwa nimeahidi sitamgusa, lakini nilishindwa.

"Zigurds," nikasema, "Rasma ameniambia."

Uso ulimng'ara. "Amekuambia? Afadhali. Mimi amenifunga mdomo, nilikuwa karibu kupasuka."

"Na wewe… unaendeleaje?"

"Mimi? Jana nimelala kama gogo. Mara ya kwanza tangu mwezi wa nane." Akamwita mhudumu. "Ngoja tunywe kitu. Wana balzamu nyeusi ya kwetu, nimeiona pale juu."

Niliweka uma chini. "Una moyo wa chuma cha reli, Zigurds."

"Asante," alisema, akanywa kwa afya yangu. Nilirudi chumbani nikiwa nimemchukia kuliko nilivyowahi kumchukia mwanamume yeyote, na nimewahi kuwachukia wengi.

Asubuhi tuliamka tukiwa Gothenburg. Sikuwa hata nimechana nywele Rasma alipobisha hodi, amevaa koti la safari, mkononi ana kibweta kidogo. Ndani mlikuwa na pini yake ya kaharabu, ile aliyoivaa siku ya harusi.

"Hii pia chukua," alisema. "Inakaa vizuri kwenye koti lako la kij—"

Hakumaliza. Alikuwa anatazama juu ya bega langu, kwenye rafu ya sinki, palipokuwa na glasi ya mswaki na ua la waridi ndani yake, limeshaanza kuinama shingo.

"Hilo umelitoa wapi?"

"Alinipa mumeo. Kopenhagen, pale chini ya ngazi."

"Kutoka fungu gani?"

"Rasma, kwani alikuwa na mafungu mangapi? Kutoka la kwako."

Alikaa kitandani mwangu taratibu, kama mtu anayeogopa kitanda hakipo. Midomo yake ilikuwa inakwenda bila sauti. Halafu alipaza sauti ile ya sokoni, ile inayofika mpaka kwa wauza nyama. "Zigurds!"

Zigurds alikuja na povu la kunyolea kwenye shavu moja.

"Ulinunua maua mangapi?"

"Kumi na moja," alisema. "Yule mama wa Kidenishi alinipa kumi, ndivyo yanavyofungwa kwao. Nikamwambia ongeza moja. Nimehesabu mara tatu mbele yake, akadhani nina wazimu. Miaka arobaini nimelala na muuza maua, unadhani sijui?"

"Mkononi mwangu yalikuwa kumi."

Zigurds akanitazama. Akaitazama ile glasi. Povu lilianza kumdondokea kwenye kola. "Nilimpa Biruta moja," alisema polepole. "Alikuwa ananikodolea macho kama mbwa anavyokodolea soseji."

"Ukatoa moja hivi hivi. Wewe. Mume wangu."

"Nilikuwa na furaha, Rasma. Mtu mwenye furaha anahesabu?"

Nilisikia mtu anaburuta sanduku huko ujiani. Rasma aliuliza kwa sauti ambayo sijaisikia kwake kabla wala baada, sauti ya msichana mdogo.

"Hospitali walisema nini?"

"Si kitu. Walisema ni mafuta tu yamejikusanya, si saratani. Urudi kuangaliwa baada ya Krismasi, basi." Alifuta povu kwa mkono wa shati. "Lakini si ulisema unajua?"

"Nilijua nini? Nilijua kumi!"

Sasa hapo kila mtu alifanya lake. Rasma alichukua mto wangu akampiga nao Zigurds, mara ya kwanza kichwani, ya pili kichwani, ya tatu akamkumbatia pamoja na mto wenyewe, na povu likawa kwenye koti lake lote. "Nimekufa mimi," alikuwa anasema. "Nimekufa tangu Kopenhagen, nimeshajichagulia mbaazi, nawe unapiga mluzi." Zigurds alikuwa anarudia tu, "Si ulisema unajua, si ulisema unajua," huku machozi yanamtoka bila aibu. Mimi nilikaa kwenye kiti pekee kilichokuwepo nikacheka mpaka mbavu zikauma, na katikati ya kicheko nikagundua nalia. Jiwe lilikuwa limekaa kifuani mwangu na sasa halipo, na nilikuwa najisikia mwepesi kama niliyepona mimi. Nilimwomba Zigurds radhi kimoyomoyo kwa yote niliyomwaza usiku ule. Kwa mdomo sikumwomba, maana angefurahi mno.

Rasma alipotulia alipenga kamasi, akainuka, akalitoa ua langu kwenye glasi.

"Hilo ni langu," nikasema.

"Lilikuwa," alisema. Akavuka ujia nalo. Kupitia mlango wazi nilimwona akilichomeka kati ya mengine, akapitisha kidole gumba kwenye mashina, akapitisha tena.

Gothenburg ina tramu. Ina tramu kama kichwa kina nywele. Rasma alisema hataki kiongozi, hataki kanisa, anataka kupanda kila namba kutoka mwanzo wa njia hadi mwisho wake, na Zigurds aliposikia hivyo nilidhani tutampoteza kwa furaha. Tulizunguka kutwa. Alitueleza magurudumu, alitueleza breki, na kwa mara ya kwanza katika maisha yao, nadhani, Rasma alimsikiliza. Sasa alikuwa anaona kila kitu. Aliona mashua, aliona mtoto ana soksi za rangi mbili, aliona watu wanakula kamba juu ya mkate akataka na yeye, akala, akataka tena. Njaa ya wiki tano ilikuwa imemrudia siku moja.

Kwenye mzunguko mmoja tulishuka penye duka la maua. Rasma akaingia, akamkuta binti wa watu anafunga maua sita kwa utepe wa sherehe, akaanza kumgombeza kwa Kilatvia. Binti hakuelewa hata herufi moja, akawa anatabasamu tu. "Mwache," Zigurds alisema, "kwao si kitu." Kisha akanunua matatu, akasimama mbele yangu kituoni, watu wote wanatazama, akanipa moja moja. "Moja," alisema. "Mbili. Tatu. Umeona? Ushahidi upo." Maneno mengi kama hayo sikuwahi kuyasikia kwake kwa siku moja. Yale matatu nilifika nayo mpaka nyumbani.

Sasa kuna jambo moja lililobaki nalo lilinikosesha raha kidogo. Pini ya kaharabu aliondoka nayo asubuhi ile ile, ilikuwa haijanifika mkononi. Mkasi ulikuwa mkobani mwangu. Ungekuwa wewe ungerudisha, najua. Mimi kila nilipotaka kuutoa mkono uligoma. Niliupokea kwake makaburini, akiwa anaaga, na nilihisi kwamba nikimkabidhi mwenyewe nitakuwa namkumbusha lile benchi. Nilitaka aukumbuke kwa sababu anahitaji kukata kitu. Njia nzima ya kurudi hakuutaja. Kwenye sitaha alizungumzia mapazia, alizungumzia bei ya maua ya asta, alimzungumzia Sanita, mkasi hapana. Nikaanza kuogopa kwamba moyoni mwake bado kuna kipembe hakijaamini.

Tulifika Riga Jumapili. Jumatatu nilifungua mapipa yangu mapema, Rasma akafika na ndoo zake, akapanga, akamtukana mtu aliyeegesha gari kwenye njia ya maji. Msumari juu ya meza yake ulikuwa mtupu. Nilijifanya nasuka kamba ya vitunguu, jicho moja kwake.

Mteja wa kwanza alikuwa mwanamke kijana, amevaa vizuri, ana haraka. Alitaka asta nyeupe, kumi.

"Nani amekufa?" Rasma aliuliza.

"Hakuna aliyekufa. Namwendea mama, ametoka hospitali."

"Ametoka?"

"Ametoka. Mzima."

Rasma alimtazama kwa muda kidogo. Akachagua tisa, akayatikisa maji, akayapanga vichwa sawasawa. Akachukua jingine, kubwa kuliko yote, akaliongeza. Halafu jingine tena. "Kumi na moja," alisema. "Haya mawili ya juu ni yangu, mpe mama yako." Akainua mkono kwenye msumari bila kutazama, kama alivyouinua maisha yake yote, ili akate mashina. Vidole vilishika hewa.

Aligeuka. Nilikuwa nimeshaushika, nimeuficha nyuma ya aproni.

"Biruta," alisema, "mkasi wangu uko wapi, mwizi wewe?"

"Nimeununua. Una shahidi?"

Alifungua pochi, akapekua, akanitupia senti tano. Ilitua katikati ya pipa la kabichi, na wala sikuitafuta.